Siku Moja Iliyopotea Nyuma ya Jua

Kambi ya Wapima Ramani,
Juu ya mji wa Mbeya.
Ijumaa, saa nane mchana kweupe, ili pasiwe na ubishi.

Kwa mke wangu mpenzi, Mama Saidi,
Mlandege, Iringa.

Pokea salamu za mtu aliyevaa makoti mawili na bado anatetemeka. Hujambo? Mgongo umepoa? Maziwa yanatoka vizuri? Na Saidi amemkubali mdogo wake, au bado anataka arudishwe alikotoka? Mama yako hajambo? Majirani hawajambo? Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo kila asubuhi huyagusa kwanza kuona kama bado yapo. Maji ya beseni yanaota ngozi ya barafu huku. Burma nilinyeshewa mwezi mzima porini, Nairobi nimelala stesheni bila blanketi, lakini baridi ya kilima hiki haina mwenzake.

Shemeji Hamisi, najua ni wewe unayemsomea dada yako. Soma pole pole, usimeze maneno kama barua iliyopita. Na ukifika mahali nimemwandikia mke wangu mambo yake, soma huku umeziba masikio.

Mama Saidi, barua yako ililetwa na basi la Jumanne, na ndani yake binti yetu. Nimeisoma mara nne peke yangu, na mara ya tano kwa sauti mbele ya kambi nzima, mpaka mpishi akaunguza maharage. Jina la Zuwena alilomchagulia mama yako nimelipokea kwa mikono miwili. Lakini kuna jambo hulijui. Barua ile imeokoa kazi ya mtu, na imenyoosha hesabu ya mbinguni iliyowashinda Wazungu. Usicheke. Wewe Tatu binti Salehe, kutoka kitandani kwako hapo Mlandege, umeisahihisha njia ya nyota. Kaa vizuri nikueleze.

Unajua kazi yangu ni kushika bendera na kuvuta mnyororo wa kupimia. Lakini tangu itokee hii nyota ya mkia mumeo amepanda cheo, ingawa cheo chenyewe hakina kofia. Mkuu wetu ni yule mpima ramani tunayemwita Bwana Miwani, kwa sababu vioo vyake ni vinene kama vitako vya chupa. Ana darubini ya miguu mitatu. Mchana inapima vilima, na giza likiingia huigeuza juu akapima nyota, apate kujua kilima chetu kimekaa wapi duniani. Basi alfajiri moja nimetoka kutawadha, nikaona upande wa Usangu, kabla jua halijachomoza, kitu kama moshi wa sigara uliosimama wima, na chini ya moshi nyota. Ni mimi niliyeiona kwanza. Shemeji, rudia hapo, asikie. Ni mimi.

Nikamwamsha Bwana. Akatoka na nguo za kulalia, miguu mitupu juu ya umande ule, akasimama mpaka jua likaifuta. Kisha akaniambia, "Omari, hii nyota babu yako hakuona."

"Na babu yako wewe, Bwana?"

"Hata yeye. Hata babu ya babu."

Na si kimondo. Kimondo kimelala kule Mbozi, bonge la chuma, nimekipiga teke mwenyewe na mguu ukauma siku tatu. Hii haianguki. Inatoka mbali kusikosemeka, inazunguka nyuma ya jua, kisha inarudi ilikotoka, na safari yake ni ya miaka elfu nyingi. Basi hao uliosema wanapita Mlandege wakihubiri kwamba inaleta vita na ndui, waambie Omari ameitazama kwenye darubini na haina mzigo wowote. Ina mkia tu. Na huo mkia una adabu: saa zote unalipa jua kisogo. Ikija, mkia uko nyuma. Ikiondoka, mkia unatangulia na yenyewe inafuata uso ukitazama jua, kama mtu anayetoka mbele ya chifu kinyumenyume.

Kazi tuligawana watatu. Bwana alitazama kwenye darubini na kutaja digrii. Karani Ambilikile, kijana wa Kinyakyusa wa huko Tukuyu, mpole, mwenye kusoma mpaka kichwa kimekuwa kirefu, alishika ile saa kubwa ya sandukuni, akataja dakika na sekunde na kuziandika kitabuni. Mimi nilipewa mwanga wa nyota. Ndiyo, kuupima.

Haupimwi kwa rula. Unachagua nyota mbili, moja inayoishinda hii yetu na moja inayoshindwa, halafu unasema imekaa wapi katikati yao. Shida ni kwamba nyota ni kitone na hii yetu ni kama pamba, huwezi kulinganisha punje na pamba. Bwana yeye huvua miwani, zote zikawa pamba. Mimi sina miwani, kwa hiyo nazitazama kwa kufumba jicho nusu, machozi yakilengalenga, mpaka zote zivimbe. Ndivyo nilivyokukonyeza kwenye harusi ya binamu yako, ukadhani nina mchanga jichoni. Tazama jicho lile lilikofika. Bwana mwenyewe amesema jicho langu na lake huachana kidogo sana, na tukiachana mara nyingi langu ndilo sawa. Hilo la mwisho nimeliongeza mimi, lakini lina ukweli. Nyota zina namba kama watoto darasani: wa kwanza ndiye anayeng'aa, wa sita humwoni. Yetu ilianza ya nne, ikapanda ya tatu, ikapanda ya pili, kila alfajiri ikizama karibu zaidi na jua, mpaka jua likaimeza.

Na kazi yangu nyingine, sikiliza hii, ilikuwa kuandika tarehe juu ya ukurasa. Niliiomba mwenyewe. Mwandiko wangu unaujua, ule wa chuoni kwa marehemu maalimu, herufi zimekaa kama wake wa maliwali. Nikamwambia Bwana, "Karani anaandika kama kuku anayechakura. Kitabu kama hiki kinataka kichwa kizuri." Akacheka, akanipa kalamu. Basi kila siku kabla ya kazi naandika tarehe juu, kwa madoido, na karani anajaza chini.

Siku kadhaa nyota haikuonekana, iko nyuma ya jua. Halafu jioni moja, tumemaliza kusali magharibi, ikatokea upande wa pili, juu ya vilima vya kwenda Mbozi, na jinsi ilivyowaka mpishi alidondosha sufuria. Namba moja, Mama Saidi, na mkia umepanda juu kama unyoya wa ngoma. Nikakimbilia kitabu, nikaandika tarehe, Bwana akaita digrii. Tukaendelea hivyo kila jioni. Hesabu tulizituma kwa posta kule kusini, kwa wenye darubini kubwa kama nyumba.

Majibu yakaja kwa simu ya maandishi, maneno machache yenye pilipili. Kwamba vipimo vyetu vya alfajiri ni safi kabisa, na vya jioni havifai, tutazame kwanza nani anashika saa. Bwana alikuwa ameanza kuona kasoro mwenyewe. Alichora njia ya nyota kwenye karatasi kubwa ya mirabaraba, nusu ya alfajiri na nusu ya jioni, na nusu hizo hazikuungana. Ilikuwa kana kwamba nyota ilifika nyuma ya jua, ikaketi siku nzima kupumzika, ndipo ikaendelea. Akielekeza darubini pale hesabu inaposema itakuwa, haipo. Inabidi aitafute pembeni kama mbuzi aliyepotea.

Akamwita karani. Mimi niko nje nakunja bendera, nasikia.

"Ambilikile, saa ilisimama, wewe ukaogopa kusema?"

"Haijasimama, Bwana. Naijaza ufunguo kila asubuhi."

"Basi uliandika uongo. Ilikuwa baridi, ukaandika namba ya kichwa chako."

"Hapana, Bwana."

"Saa ni yako. Kosa ni lako. Ile barua ya shule sitatia sahihi."

Ile barua, mke wangu, ndiyo maisha ya kijana yule. Amechaguliwa kwenda Dar es Salaam kwenye masomo ya upimaji, awe mpima kamili, si karani, lakini bila sahihi ya mkuu wake jina linafutwa, na mwisho wa kupeleka ni mwezi huu. Mama yake alishauza ndizi akamnunulia viatu vya safari. Ambilikile hakubisha tena. Alirudi hemani akaanza kupanga nguo sandukuni, polepole, kama anamvisha maiti. Mimi nilimtania, unajua kinywa changu: "Karani, umelaza jua na nyota kitanda kimoja, umeona sasa?" Hakucheka. Nikajisikia vibaya, lakini kidogo tu, kwa sababu nilijua kosa si langu. Nilijua kabisa.

Siku iliyofuata ndiyo Jumanne, barua yako ikaja. Nikawasomea wote, nikamwita na karani atoke akasikie habari njema. Nikafika pale ulipoandika: mtoto kazaliwa usiku wa Ijumaa, adhana ya magharibi haijapoa, mkunga akatoka kumwaga maji akarudi mbio anasema mbinguni kuna nyota ina mkia, siku ya kwanza kuonekana jioni.

Ambilikile akasema, "Hongera, kaka Omari. Lakini Ijumaa hiyo jioni sisi tulikuwa tumeshaiona. Huku ilitokea Alhamisi. Nakumbuka kwa sababu Alhamisi ndiyo gari la maji."

Nikamcheka. "Wewe mtoto wa Tukuyu, nani kasema Ijumaa jioni? Nimesema usiku wa Ijumaa. Unakuja kabla ya Ijumaa yenyewe."

"Yaani Alhamisi jioni?"

"Kwenu Alhamisi. Kwetu jua likizama Alhamisi imekwenda zake, Ijumaa imeingia. Tumelelewa hivyo. Usiku unatangulia, mchana unafuata."

Akaniangalia. Hakuwa na haraka. "Kaka," akasema, "na kwenye kitabu cha Bwana, jioni, tarehe unaandikaje?"

Mama Saidi, nimepigiwa mizinga Burma. Sikuwahi kukimbia kama nilivyokimbia pale. Nilikwenda hemani kwa Bwana, hayupo, nikafungua kitabu. Kurasa za alfajiri ziko sawa, maana alfajiri siku ni moja kwa watu wote. Kurasa za jioni zote, kila moja, kwa mwandiko wangu wa madoido, nimeandika tarehe ya kesho. Nasali magharibi, nakuja, naandika siku mpya, kama nilivyofundishwa na kama baba yangu alivyofundishwa. Na karani usiku alijaza chini macho yakiwa kwenye saa, na aliponakili asubuhi yake hesabu za kupeleka posta, aliikuta juu tarehe ileile ya siku anayonakili, jicho lingeshtukaje? Nyota haikupumzika popote. Siku ile niliiongeza mimi.

Sasa nitakwambia ukweli kwa sababu wewe ni mke wangu; Hamisi, masikio. Kalamu ilikuwa mkononi na raba iko mezani. Ningeweza kufuta. Ningeweza kusema karani ndiye alinakili vibaya. Ambilikile alinifuata, akasimama mlangoni mwa hema, akaona ninachokitazama, akasema, "Kaka, wewe una mtoto mchanga. Mimi sina. Atakufukuza." Kisha akaondoka zake. Angenitukana ningepata nguvu ya kubisha. Aliposema vile alinimaliza kabisa.

Nilimngoja Bwana mpaka akarudi, nikampelekea kahawa, nikasema, "Bwana, nyota haikuchelewa. Ni mimi." Nikaeleza yote, usiku wa Ijumaa, magharibi, wewe, mtoto, mkunga na maji yake. Nilieleza kwa Kiswahili, nikatia na Kiingereza cha jeshini pale palipokuwa pagumu. Nilikuwa nimeshavua koti la Serikali na kulikunja, maana nilitaka nilirudishe kabla sijaambiwa.

Alivuta ile karatasi kubwa, akachukua penseli nyekundu, akaanza kuhamisha vitone vya jioni, kimoja kimoja, kila kimoja kinarudi siku moja nyuma. Koti liko mkononi, mimi nimesimama, baridi inaingia mpaka kwenye mbavu. Alipofika kitone cha mwisho akapitisha rula ya kupinda, ile inayonyumbuka, kutoka alfajiri mpaka jioni. Mstari ukapita kila kitone. Umepinda vizuri kama pembe ya ng'ombe wa Wasangu, hauna kiungo.

Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Omari, vaa koti."

"Bwana, umenisamehe au nivae tu kwa sababu ya baridi?"

"Vaa koti. Kesho tunaona."

Jumatano jua halijazama alishapiga hesabu upya. Aliielekeza darubini mbingu bado nyeupe, hakuna nyota hata moja, akaifunga kwa skrubu, akasema hakuna mtu kuigusa. Tukazunguka kambi nzima: mimi, Ambilikile aliyeitwa ashike saa yake, mpishi, wavuta mnyororo. Mbingu ikawa ya dhahabu, ikawa ya zambarau. Bwana akaniambia, "Tazama wewe."

Niliweka jicho. Mbingu tupu na ule msalaba wa nyuzi ulio ndani ya darubini. Nikasema moyoni, basi, nimekwisha. Halafu katikati kabisa ya msalaba kikaota kitu kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Kikazidi. Ikawa nyota, na mkia wake, imeketi juu ya uzi kama kunguru juu ya waya wa simu. Hatukuitafuta. Tuliingoja, ikaja yenyewe pale tuliposema. Mama Saidi, nimeona mji wa Rangoon ukitekwa na nimeona ndege ikitua majini, na sijawahi kupiga kelele kama nilizopiga. Mpishi anasema wamenisikia mjini. Nikamkumbatia Ambilikile, nikamkumbatia na Bwana kabla sijakumbuka kuwa ni Bwana, miwani ikaanguka, bahati kwenye majani.

Bwana alimpa karani mkono mbele yetu wote, akasema, "Mimi nilikosa. Saa yako ilikuwa sawa." Barua ya shule ikatiwa sahihi pale pale kwenye meza ya darubini, kwa taa. Ameondoka kwa basi la jana na viatu vile vya ndizi. Amenipa anwani yake na kuniambia "ndaga fijo", ndiyo asante sana ya kwao, nami nimemwambia akiwa mpima mkubwa asisahau nani alimharibia kazi.

Na mimi nilidhani kalamu nimenyang'anywa. Hapana. Bwana alikuwa amewaandikia watu huku na huko wamtumie habari, nani ameiona lini. Barua zimeanza kufika: ya Mhindi mwenye duka Igowole, ya mwalimu mmoja wa Idodi, ya maalimu wa hapo kwetu Iringa. Nusu yake zimeandikwa usiku wa Jumamosi, usiku wa Jumatatu. Bwana amezisukuma kwangu zote. Ameniambia, "Hapa kambini hakuna mwingine anajua siku mbili." Basi nimepewa safu yangu kitabuni, nimeichora mwenyewe kwa wino mwekundu. Upande mmoja siku ya mtu alivyoisema, upande wa pili siku ya Serikali. Mstari wa kwanza kabisa ni wa mkunga, na mbele yake nimeandika Mlandege.

Sasa nina ombi. Nyota inafifia. Imeshashuka mpaka namba ya tatu, na baada ya siku chache itakuwa ya darubini tu, kisha haitakuwa ya mtu yeyote. Nilimuuliza Bwana itarudi lini, akasema hata hesabu yake haina uhakika, miaka elfu nyingi, au isirudi kabisa. Nikamuuliza itarudi Alhamisi au Ijumaa. Alicheka mpaka akakohoa.

Najua mtoto hajatimiza arobaini, na mama yako hawezi kuruhusu atolewe nje magharibi. Simbishii mama yako, mimi nimerudi salama Burma kwa kujua nani wa kubishana naye. Lakini lile dirisha la chumba cha nyuma linatazama machweo. Barua hii ikifika mapema, fungua ubao wake, mnyanyue Zuwena mara moja tu, uso wake uelekee pale. Hatakumbuka, najua. Sisi tutamkumbushia. Halafu utazame kwa jicho nusu, kama nilivyokufundisha kwenye ile harusi. Kulia kwa nyota ya mkia kuna mbili zimeandamana, kubwa na ndogo. Niambie yetu inaishinda ndogo au imeshashindwa.

Nisalimie mama mkwe, mwambie jina la Zuwena kambi nzima inalijua. Nisalimie kaka yangu mkubwa fundi cherehani, na mkunga wetu, mwambie yumo kitabuni. Saidi mwambie baba yake analeta rula inayonyumbuka, lakini asimchape nayo mdogo wake. Shemeji Hamisi, zibua masikio sasa, na asante kwa sauti yako.

Na siku mtakayoiona, Mama Saidi, iandike kama unavyoihesabu wewe. Usibadilishe kitu. Kutoa siku moja sasa ni kazi yangu.

Mumeo anayekuwaza kila magharibi,
Omari bin Athumani